Amepandikizwa mapafu, mbona bado anameza vidonge?

Tangu binamu yangu arudi Tabora kutoka India, maelezo ya ugonjwa wake yamekuwa mengi kuliko watu wanaomfahamu. Saluni wanasema ilikuwa TB sugu. Stendi wanasema amewekewa mapafu ya mashine na kila usiku lazima yachajiwe. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, aliniuliza kama vile vidonge anavyomeza asubuhi na jioni ni "vile vya kudumu", kwa ile sauti ya chini ambayo kila mtu anajua inamaanisha nini. Na wapo walioumia kweli. Walikwenda kumpa pole, wakamkuta na barakoa, mkono hakuwapa, na mtindi waliombebea kutoka Uyui hakuugusa. Wakaondoka wakisema India imempa maringo.

Ameniruhusu nieleze, mradi jina lake lisitajwe. Mimi si daktari. Ni yule ndugu ambaye kila ukoo unaye, wa kubeba faili na kukaa kwenye benchi la kliniki, na nimeuliza maswali hadi wauguzi wakanizoea. Nimegundua kwamba watu wengi wanadhani upasuaji ndio mwisho wa habari: mtu kakatwa, kashonwa, kapona. Kumbe sehemu kubwa ya matibabu haya haifanyiki kwenye chumba cha upasuaji. Inafanyika nyumbani, kwa miaka, na mtaa mzima unashiriki, utake usitake.

Kupandikiza ni kufanya nini

Kupandikiza mapafu ni kutoa pafu moja au yote mawili yaliyokwisha kuharibika kwenye kifua cha mgonjwa, na kuweka mahali pake mapafu mazima ya mtu mwingine. Ni nyama na mishipa, betri hakuna. Mara nyingi anayetoa ni mtu ambaye ubongo wake umekufa kabisa, labda kwa ajali au kwa kupasuka mshipa wa damu kichwani, lakini moyo bado unadunda kwa sababu yuko kwenye mashine. Ndugu zake wakiridhia, viungo vyake huwafaa wengine. Mapafu ni magumu kupatikana kuliko figo, maana hata mtoaji akiwepo, mara nyingi yanakuwa yameshaingia maji, yameshapata maambukizi au yameumizwa na ile mashine yenyewe.

Yakishatolewa hupozwa, na hapo muda ni mali. Madaktari hutaka yawe yameunganishwa ndani ya saa sita hadi nane hivi. Figo inaweza kuvumilia siku nzima; mapafu hayana subira hiyo. Ndiyo maana mtu hawezi kusubiri zamu yake akiwa Kanyenye hapa Tabora, eti akipigiwa simu apande ndege. Lazima ahamie karibu na hospitali, apange chumba, na asubiri huko. Na kwa India kuna jambo ambalo mawakala wa matibabu hawapendi kuanza nalo mazungumzo. Sheria yao ya viungo ya mwaka 1994 inakataza kuuza na kununua kiungo, na viungo vya waliofariki vikigawiwa, raia wao hutangulizwa. Mgeni hufikiriwa pale ambapo hakuna mwenyeji anayefaa. Subira hiyo inaweza kuwa ya miezi mingi, na mwenye nyumba anataka kodi yake kila mwezi.

Kabla ya kuyakubali mapafu, madaktari huangalia kundi la damu, ukubwa wa kifua, na kama damu ya mgonjwa ina kingamwili zitakazoyashambulia hapo hapo. Kabila, rangi na dini havimo kwenye hesabu. Tabia pia haimo: nimeulizwa mara nyingi kama sasa binamu yangu atakuwa na hasira za marehemu au atapenda pilipili kama Wahindi. Mapafu yanabadilishana hewa na damu, basi. Tabia haikai humo.

"Mbona nyie ndugu hamkumtolea?" Wazee hupenda kuuliza hili, na ni swali la haki, maana tumezoea habari za figo. Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, na huko ndugu humtolea ndugu. Lakini mtu mwenye figo mbili nzima anaishi vizuri na moja. Pafu zima huwezi kumtoa mtu aliye hai ukamwacha salama. Kinachowezekana, na kinafanyika kwa uchache sana, zaidi Japani, ni watu wawili kila mmoja kutoa kipande cha chini cha pafu lake (pafu la kulia lina vipande vitatu, la kushoto viwili), kisha mgonjwa awekewe vipande hivyo badala ya mapafu mawili. Hapo watu watatu wanapasuliwa kwa ajili ya mmoja.

Tiba yenyewe si ya zamani. Daktari wa kwanza kuijaribu kwa binadamu alikuwa James Hardy, huko Mississippi, Marekani, mwaka 1963. Mgonjwa wake aliishi siku 18. Kwa takriban miaka 20 iliyofuata wengine wakajaribu, karibu wote wakashindwa, hadi Toronto, Kanada, walipofanikiwa kwa pafu moja mwaka 1983 na kwa yote mawili mwaka 1986. Kilichobadilika hapo katikati si ukali wa kisu. Ni dawa inayoitwa saiklosporini, na kwa nini dawa iwe na uzito kuliko kisu nitaeleza baada ya kumaliza habari ya ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa ambao madaktari wengi hawajawahi kuuona

Binamu yangu ana ugonjwa wenye jina refu ambalo hata madaktari wenyewe hulifupisha: LAM. Seli fulani zinazofanana na za misuli huota ovyo ndani ya mapafu, na taratibu mapafu hujaa vifuko vitupu vyenye kuta nyembamba. Pale palipokuwa na nyama ya kupitishia oksijeni panabaki uwazi. Kifuko kikipasuka karibu na ukingo, hewa huvujia kati ya pafu na ukuta wa kifua, na pafu husinyaa ghafla. Mtu anapata maumivu makali upande mmoja na pumzi inakatika. Kwa wengi hiyo ndiyo dalili ya kwanza.

LAM huwapata karibu wanawake pekee, hasa wa umri wa kuzaa, wachache mno katika kila wanawake milioni moja. Ulaya huuita ugonjwa nadra pale usipowapata zaidi ya mtu mmoja katika kila 2,000. LAM iko chini kabisa ya hapo. Hauambukizi. Hautokani na sigara, na kwa sisi wa Tabora niseme wazi kwamba hautokani na tumbaku ya shambani wala moshi wa mabani ya kuikaushia, ingawa moshi huo una madhara yake mengine. Na hakuna mtu aliyemtupia kitu. Mjomba mmoja alishaanza kuchangisha pesa za kwenda kwa mganga huko Sikonge. Tulimwomba pesa hizo azigeuze nauli.

Unadra wenyewe ni shida ya pekee. Mwanamke kijana anayekohoa na kuishiwa pumzi, hapa kwetu, atafikiriwa TB kwanza, kisha pumu. Daktari hana kosa kuanzia hapo, maana TB ipo na inaua. Binamu yangu alipitia zote mbili: makohozi yalipimwa yakakutwa safi, akapewa dawa ya pumu ya kuvuta, nafuu ikawa ya kusuasua. Fumbo lilifumbuka pafu liliposinyaa kwa mara ya pili, akapelekwa kwenye kipimo cha CT, ambacho huonyesha vile vifuko vinavyoweza kufichika kwenye picha ya kawaida ya kifua. Kwa hiyo kama kuna mwanamke unayemfahamu ambaye TB yake haionekani kwenye vipimo, pumu yake haisikii dawa, na pafu lake limewahi kusinyaa bila kugongwa na chochote, hiyo ni sababu tosha ya kudai rufaa.

Dawa ya kuupunguza mwendo ugonjwa huu ipo, sirolimasi, ambayo mwaka 2011 utafiti ulionyesha kwamba inasaidia mapafu yasizidi kuporomoka. Lakini kilichokwisha kuharibika hairudishi. Mtu akifika hatua ya kuhitaji oksijeni ili avuke sebule, kupandikizwa ndiko kunakobaki. Wapo wanaofika hapo kwa magonjwa mengine, kama mapafu kuwa makovu matupu bila chanzo kujulikana, au presha kubwa ndani ya mishipa ya mapafu. Magonjwa ni tofauti, lakini baada ya upasuaji wote wanafuata masharti yale yale.

Sungusungu hawasahau sura

Mtu wa Unyamwezini hahitaji kuelezwa sungusungu ni nani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 wamelinda vijiji vya huku na vya Usukumani kwa upinde na filimbi: filimbi ikilia wanatoka wote, na asiyejulikana atajieleza. Kinga ya mwili hufanya kazi hiyo hiyo. Inawajua wa kijijini na inamjua asiye wa kijijini. Sasa mapafu mapya ni mgeni aliyeletwa kukiokoa kijiji, lakini filimbi inapulizwa vilevile, na hawa walinzi hakuna wa kuwaitia mkutano wa hadhara awaeleweshe. Watamshambulia mgeni hadi wammalize. Ndiko kunakoitwa mwili kukataa kiungo, na ndiko kulikowaua wagonjwa wa miaka ile ya kabla ya saiklosporini.

Dawa hazimtambulishi mgeni kwa walinzi. Zinawapunguzia mishale. Wakibaki nayo yote, mapafu yanakufa. Wakinyang'anywa yote, majambazi wenyewe, yaani bakteria, virusi na ukungu, wanaingia mchana kweupe. Kwa hiyo kazi ya daktari ni kutafuta kiasi cha katikati, na kiasi hicho hubadilika kadiri muda unavyokwenda: miezi ya mwanzo mishale hupunguzwa sana, baadaye hurudishwa kidogo kidogo. Hata miaka kumi ikipita, mgeni ataendelea kuwa mgeni. Ndiyo maana bado anameza vidonge, na ataendelea kuvimeza maisha yake yote. Wapo watu, si hapa tu bali duniani kote, waliojisikia wazima wakaacha dawa, na mapafu yakawaharibikia.

Vidonge vyenyewe kwa kawaida ni vya aina tatu: takrolimasi, ambayo siku hizi mara nyingi imechukua nafasi ya saiklosporini, maikofenoleti na predinisoloni. Juu yake kuna septrini, ile ile wanayopewa watu wenye virusi vya UKIMWI, kwa sababu ile ile: kuzuia nimonia ya ukungu kwa mtu ambaye kinga yake iko chini. Kwa hiyo jirani aliyeniuliza kuhusu "vile vya kudumu" hakukosea kwamba ni vya kudumu. Amekosea ugonjwa.

Takrolimasi ina masharti ya saa. Dozi hupishana saa 12, na binamu yangu ameweka saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Simu ikilia, hata kama mchungaji yuko katikati ya sala, anameza. Siku ya kupima damu mambo hugeuka: anakwenda kliniki kidonge kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa mkononi, hajakimeza, kwa sababu kinachotafutwa ni kiwango cha chini kabisa cha dawa kabla ya dozi mpya. Akimeza kwanza, kipimo kitasoma juu, dozi itapunguzwa bila sababu, na walinzi watarudishiwa mishale. Muuguzi asiyemfahamu akimwambia "meza tu mama, usisubiri foleni", anakataa. Hapo pia amewahi kuitwa mjuaji.

Madhara yapo, na si madogo. Mikono hutetemeka hadi chai inamwagika kwenye sahani. Sukari hupanda, presha hupanda, mifupa hudhoofu, figo huchoka. Uso hujaa, watu wanamwambia "umenawiri". Ni predinisoloni hiyo.

Lililo jema ni kwamba kwa kuwa figo zinapandikizwa nchini, madaktari wanaozijua dawa hizi wapo. Hatuanzi sifuri. Ila kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kilomita 840 kwa reli, na vidonge vya mtu wa aina hii haviwekwi kwenye begi linalopakiwa buti au behewa la mizigo. Vinakaa mapajani.

Kukohoa kwa ratiba

Baada ya upasuaji wa saa nyingi, mgonjwa huamkia chumba cha wagonjwa mahututi akiwa kwenye mashine ya kupumulia, na mipira imetoka kifuani ikitoa damu na hewa iliyobaki. Mambo yakienda sawa, mashine huondolewa baada ya siku chache au mapema zaidi, na wauguzi humsimamisha mgonjwa upesi kuliko ndugu wanavyoweza kuvumilia kutazama. Wodini ni wiki mbili, tatu, au zaidi. Kisha anapanga karibu na hospitali kwa miezi mitatu hivi au zaidi, maana mwili ukianza kukataa, mara nyingi ni ndani ya mwaka wa kwanza, na njia ya kulijua hilo ni kupitisha kamera nyembamba kwenye koo hadi ndani ya mapafu na kuchukua vipande vidogo vya nyama vikapimwe.

Siku za mwanzo wengi huona vitu visivyokuwepo na kusema maneno yasiyoeleweka. Dawa kali, maumivu na kukosa usingizi hufanya hivyo. Si roho ya mwenye mapafu inayotafuta kwao.

Mshono wake unapita chini ya matiti, upande hadi upande, na mfupa wa kidari umekatwa ukaunganishwa. Kwa miezi miwili mitatu hakuna kunyanyua kitu kizito. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo hata ikiwa nusu bado ni marufuku. Bodaboda kwenye barabara zetu za mashimo, marufuku pia.

Lililonishangaza kuliko yote ni kikohozi. Mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye mapafu hukatwa wakati wa upasuaji na haiunganishwi. Sisi tone la chai likipita njia isiyo yake tunakohoa hadi machozi. Yeye, chini ya mshono wa njia ya hewa, hasikii kitu. Makohozi yanaweza kujaa mle bila mwili kutoa taarifa. Basi anakohoa kwa ratiba. Asubuhi huketi ukingoni mwa kitanda, hukumbatia mto kifuani kuulinda mshono, huvuta pumzi ndefu, huishikilia kidogo, kisha hukohoa kwa makusudi na kwa nguvu, na kuangalia alichotoa: kimekuwa cha njano? kimekuwa kizito kuliko jana? Mpita njia akisikia dirishani anasema TB imerudi. Siku ambayo hatakohoa ndiyo ya kumtilia wasiwasi.

Baada ya hapo hupuliza kwenye kifaa kidogo kinachopima nguvu ya pumzi, akaandika namba kwenye daftari la shule la kurasa 48. Namba ikishuka kwa asilimia 10 na ikabaki huko, anapiga simu kwa daktari wake hata kama anajisikia fiti, kwa sababu namba huanza kushuka kabla ya dalili. Nadhani daftari lile lina kazi kubwa kuliko sisi ndugu wote tukijumlishwa.

Oksijeni je? Wengi huiacha kabisa, naye ameiacha. Kinachomkwamisha sasa akipanda ngazi ni miguu. Miaka ya kukaa kitini ilikula misuli, na misuli hairudi kwa kidonge, hurudi kwa kutembea. Ukimwona anatembea jioni chini ya miembe kwa mwendo wa haraka, hajachelewa kokote.

Hewa ya Tabora

Figo na ini zikipandikizwa hukaa zimejificha tumboni. Mapafu hukutana na dunia kila pumzi, na hewa yetu tunaijua. Kuna moshi wa kuni na mkaa, kuna mabani msimu wa kukausha tumbaku, kuna moto wa porini kiangazi, na vumbi la kuanzia Juni hadi mvua zinyeshe. Nyumbani kwa shangazi jiko limehamia gesi na chumba cha binamu kimehamia upande ambao upepo haupeleki moshi. Haikuwa rahisi kumshawishi shangazi. Maharage ya gesi anasema hayana ladha.

Hatari isiyoonekana ni ukungu. Mbegu zake ziko kwenye majani yanayooza, udongo mbichi, samadi, banda la kuku, mahindi na karanga zilizovunda. Sisi tunazivuta kila siku na walinzi wetu wanazimaliza bila hata kutuamsha. Kwake zinaweza kuota ndani ya pafu. Kwa hiyo hafagii uwanja, haingii ghalani, hapukuchui mahindi, hasafishi banda. Kwa mwanamke wa kwetu, kukaa kitini wenzake wakipukuchua ni kutafuta maneno, na maneno ameyapata.

Barakoa nayo imesomwa kinyume. Mgonjwa wa TB huvaa ili asiwaambukize wengine. Yeye anavaa ili wengine tusimwambukize, maana mafua yetu ya siku tatu kwake yanaweza kuwa ya wiki tatu wodini, na yakaacha mapafu pungufu. TB yenyewe ni tishio maradufu kwake: ni rahisi kuipata, na rifampisini, nguzo ya matibabu yake, huifuta takrolimasi kwenye damu kwa kasi, hivyo kumtibu bila daktari wa upandikizaji kujua ni kumuua mgeni kwa mkono mwingine.

Chakula kina masharti yanayoeleweka: kilichoiva, cha moto, maji yaliyochemshwa. Maziwa yasiyochemshwa na mtindi wake hapana, mayai mabichi hapana, kachumbari ya mgahawani hapana. Embe anakula, tena sana, mradi limeoshwa na kumenywa nyumbani. Tunda lililokatazwa kabisa ni balungi, kwa sababu huuzuia mwili kuivunja takrolimasi, na dawa ikazidi kwenye damu hadi ikawa sumu ya figo. Chungwa la kawaida halina neno.

Zawadi za hatari zaidi, hata hivyo, hazitoki jikoni. Zinatoka kwa watu wanaompenda. Unga wa majani ya mlonge, habasoda, chupa za mitishamba kutoka mnadani, zote zikija na maneno yale yale: hii inapandisha kinga. Mtu aliyepandikizwa hataki kinga ipande! Anatumia fedha nyingi kila mwezi ili iwe chini. Na mimea mingine hugombana na dawa zake bila yeye kujua, kama balungi. Duka la dawa nalo si salama kwa mazoea tuliyonayo. Diklofenaki na ibuprofeni zinazouzwa kwa maumivu ya mgongo huumiza figo ambazo takrolimasi imeshazichosha. Erithromaisini ya kifua na flukonazoli ya fangasi huipandisha takrolimasi. Kwake hakuna dawa ndogo.

Na homa. Sisi homa ikigonga tunapima malaria, mara nyingine hata hatupimi, tunanunua mseto na kulala. Yeye joto likifika 38 ni safari ya hospitali usiku huo huo, malaria ipimwe na mengine yote yatafutwe, maana predinisoloni huweza kuficha homa, kwa hiyo ikijitokeza ujue moto umeshakuwa mkubwa. Chandarua anatumia mwaka mzima. Chanjo za virusi hai waliodhoofishwa, kama ya homa ya manjano na ya surua, hapewi tena.

Watu wa ukweni wanauliza habari ya mtoto. Ni swali la daktari, si la kikao cha familia. Maikofenoleti huharibu ujauzito, na wataalamu hutaka ipite angalau miaka miwili hivi, dawa zibadilishwe kwanza, ndipo jambo hilo lizungumzwe, na kwa wengine jibu hubaki hapana.

Amepona?

Kwa takwimu za dunia, nusu ya waliopandikizwa mapafu huwa bado hai miaka sita hadi saba baadaye. Figo na ini hufika mbali zaidi. Wanaovuka mwaka wa kwanza wana matumaini makubwa kuliko wastani huo, na wenye LAM kwa kawaida huupita. Kinachopunguza miaka zaidi ni ukataaji wa taratibu: njia ndogo za hewa huziba kwa makovu, bila homa, bila maumivu, namba za daftarini zikishuka kidogo kidogo. Mwaka wa tano ukifika, karibu nusu ya waliopandikizwa wanakuwa wameanza kuupata. Madaktari hubadilisha dawa ili kuupunguza mwendo, na wachache hupandikizwa mara ya pili. Sikuandika haya kumtisha mtu. Yeye anayajua, aliambiwa kabla ya kusaini, akasaini, kwa sababu hesabu ya upande wa pili ilikuwa ya miezi.

Na LAM yenyewe? Seli zake zinaweza kusafiri hadi kwenye mapafu mapya, kwa kuwa mapafu yamebadilishwa ila mwili ni ule ule. Hutokea kwa wachache na mara nyingi haileti shida kubwa. Sirolimasi, ile dawa aliyokuwa akitumia zamani, husimamishwa wakati wa kupandikizwa kwa sababu huchelewesha mshono wa njia ya hewa kushikana. Mshono ukishapona kabisa, daktari anaweza kuirudisha, na hapo inafanya kazi mbili: inaibana LAM, na inawapunguzia walinzi mishale, maana nayo ni dawa ya kushusha kinga.